Chungu cha Chai na Mirija ya Malwa

Jumatatu, 3 Machi

Nimepaka mnyororo oili, nimejaza upepo gurudumu la nyuma, nimevusha mama mmoja na kuku wake hadi upande wa Kenya. Kama kawaida. Halafu si kama kawaida! Saa nne nimeegesha baiskeli mbele ya kituo cha vijana, nikaingia kwa mlango wa mbele. Mimi, Owor wa Kisoko, niliyeacha shule darasa la sita kwa sababu mwalimu aliishiwa vitu vya kunifundisha.

Aliyeniita ni Madam Nabwire, mkuu wa kituo. Wiki iliyopita nilikuwa nimembeba kwa baiskeli, tukakuta vijana wawili wamekamatana mashati pale steji yetu ya bodaboda. Nikashuka, nikawasimulia nilivyoshindana na lori la simenti kutoka Tororo hadi Malaba, nikalishinda, dereva akashuka akalia. Walicheka mpaka wakasahau wanagombania nini. Madam akasema mtu kama wewe tunamtafuta.

Mwenyekiti wa kijiji akanipa barua ya tabia njema. Polisi wakachukua alama za vidole vyangu (walishangaa ukubwa). Sasa ni mwezi wa kujitolea, wa majaribio. Nikifaulu, kituo kinanipeleka Tororo kusomea kazi ya kusaidia vijana, na nikirudi nakuwa mfanyakazi kabisa. Mwenye kiti chake!

Jumanne, 4 Machi

Mafunzo. Madam anafundisha kama anayepura wimbi. Usikae na kijana mlango umefungwa. Usiahidi kutunza siri kabla hujaisikia. Kama kuna hatari, mkuu lazima ajue, na kijana aambiwe hivyo mapema, kabla hajafungua mdomo. Ushauri, ngoja uombwe. Na ya mwisho: sikiliza kuliko unavyosema. Hapo akaniangalia mimi. Tulikuwa wawili tu, mimi na yeye, lakini hata tungekuwa mia angeniangalia mimi.

Sina wasiwasi. Nikitaka, nanyamaza kuliko mtu yeyote Busia hii. Mwaka fulani nilinyamaza wiki nzima, watu wakaleta jeneza.

Ijumaa, 7 Machi

Chumba cha mazungumzo hakifai. Meza katikati, kiti huku, kiti kule. Kijana anakaa. Namtazama. Ananitazama. Anatazama dari. Basi. Hata mimi nikikaa pale najiona niko mahakamani.

Nje wanaongea kama kasuku. Hasa Ajiambo. Binti wa miaka kumi na saba, anajifunza cherehani hapa kituoni. Ulimi wembe. "Anko Lori! Hilo lori lilikuwa limezimwa, si ndiyo?" Wenzake wakaanguka chini. Nikamjibu lori lilikuwa linateremka mlima. "Anko! Tororo hadi Malaba kuna mlima gani? Wacha fiksi!"

Ana akili huyu. Lakini nimemwona mchana. Hali chakula cha kituo. Anakimimina kwenye mfuko, anaficha chini ya cherehani, anaondoka nacho jioni. Nilimwita chumbani. Akatazama slipa zake mpaka muda ukaisha. Kuna kitu. Sijui nini. Imeniuma, nimeshindwa kula na mimi.

Jumapili, 9 Machi

NIMEPATA!

Baada ya kanisa nilikuwa kwa Wafula, mwenzangu wa steji. Malwa, pombe yetu ya wimbi. Chungu katikati, maji ya moto juu ya wimbi, kila mzee na mrija wake mrefu. Wafula mwaka mzima hajasema neno juu ya shamba alilonyang'anywa na kaka yake. Leo kalisema lote, mpaka mwisho. Nikajiuliza, kwa nini hapa?

Kwa sababu hakuna aliyekuwa anamtazama! Macho yote yako kwenye chungu. Ukikosa neno, unavuta. Ukinyamaza, hakuna anayekuuliza umenyamazia nini, si unakunywa? Wazee wetu walijua kazi hii kabla Madam hajazaliwa.

Niliruka juu, nusura nipindue chungu. Wafula akaniuliza kama nimeumwa na siafu.

Jumatano, 12 Machi

Nimebeba chungu kipya cha mke wangu, hakijawahi kuona pombe. Yeye mwenyewe hajui kimeenda wapi. Mirija ni yangu na ya Wafula, nimeichemsha. Madam yuko mkutanoni Tororo. Nikakaa barazani na vijana, mahali kila mpita njia anatuona.

Kwanza uji wa wimbi. Makosa. Uji ukaziba mirija. Ouma, yule anayejifunza kunyoa, alivuta mpaka mishipa ya shingo ikasimama kama kamba za hema, na kilichotoka ni upepo. Ajiambo akasema, "Anko, hii ni ya kunywa au ya kupiga plasta?"

Nikamwaga. Nikatengeneza chai ya rangi, tangawizi ya kutosha, vuguvugu. Ikapita!

Wakaongea. Mmoja akaanza kwa mzaha, wa pili akafuata bila mzaha. Walichosema sikiandiki. Mimi sikutia neno hata moja. Yaani mimi! Shahidi wangu ni Mungu na chungu. Ajiambo hakusema, lakini alivuta mpaka mwisho, na kesho yake alikuwa wa kwanza kuuliza kama kuna chai. (Haya naandika Alhamisi, jana sikushika kalamu.)

Ijumaa, 14 Machi

Balaa.

Tulikuwa tumezunguka chungu. Ajiambo ameinama, macho ndani. Nikasikia, "Anko, mimi nyumbani..." Mwili wangu wote ukawa sikio.

Ndipo Madam akaingia getini. Alichokiona: chungu, mvuke, watoto na mirija mirefu. Akashika mrija mmoja, akaunusa. Unanuka malwa! Mrija uliotumika kwa malwa miaka yote hiyo, hata ukiuchemsha mpaka Krismasi utanuka.

"Owor! Pombe? Kwa watoto?"

"Madam, ni chai."

"Chai! Na lile lori?"

Nimesimamishwa. Jumatatu nirudishe kitambulisho. Ajiambo alishaondoka na mfuko wake wa chakula, neno lake limekatikia hapo hapo.

Jumamosi, 15 Machi

Nina hasira. Nimesema ukweli, mwembamba, usio na chumvi, na ndio huo uliokataliwa. Mke wangu kasikia. Amecheka mpaka akakaa chini. Halafu akauliza chungu chake kiko wapi.

Kazi naitaka. Sikujua naitaka hivi. Na Ajiambo alikuwa amefika mlangoni pa kusema.

Jumatatu, 17 Machi

Furaha tupu!

Nimefika kituoni na kitambulisho mfukoni. Nikakuta chungu barazani. Vijana wamekizunguka, wameipika chai wenyewe. Sikuwatuma, naapa kwa jina la mama yangu. Madam amesimama mbele yao, mikono kiunoni. Ajiambo akamnyoshea mrija.

"Madam, wewe vuta kwanza. Halafu umfukuze."

Hata kuku waliacha kuparua. Madam akashika sketi yake, akainama, akavuta. Akameza. Akavuta tena, kidogo.

"Tangawizi imezidi," akasema.

Walivyopiga kelele! Nasema ilisikika hadi kambi ya jeshi ya Rubongi, askari wakashika bunduki.

Baadaye Madam akaniketisha, mlango wazi. Akasema mawili. Moja, wazo ni zuri. Pili, nilikosa. Sikumwuliza. Nilileta vifaa vya pombe mahali pa watoto, na mzazi yeyote angepita angesema alivyosema yeye, na kituo kingefungwa. Mirija mipya itanunuliwa, na kila jambo jipya lipite kwake kwanza. Nilitaka kujitetea. Nilikuwa na maneno mazuri sana. Nikasema, "Ndiyo, Madam." Alikuwa na haki.

Wengine walipoondoka Ajiambo alibaki. Mimi na Madam tukavuta viti, watatu, chungu katikati. Nikamwambia kama nilivyofundishwa: utakalosema, kama lina hatari, Madam lazima alijue.

"Alijue," akasema, macho kwenye chai. "Ndiyo maana nikampa mrija."

Akasema. Polepole. Anavuta, anasema. Mpaka chai ikapoa. Alichosema sikiandiki hapa.

Kesho Madam anafuatana naye hadi nyumbani.

Jumatatu, 31 Machi

Mvua asubuhi, wateja wachache. Mwezi umeisha. Madam amenipa mkono, akasema wiki ijayo niende Tororo kuanza masomo. Nikarudi kuosha vikombe.

Mke wangu hataki tena chungu. Anasema kinanuka tangawizi, malwa haitakubali. Kimebaki kituoni.

Mchana Ajiambo alichukua sahani yake, akakaa kwenye benchi na wenzake, akala. Yote. Hakuna mfuko. Aliponiona namtazama akanipigia honi ya lori kwa mdomo.

Jioni nimepita steji. Wafula na wenzake wamekaa juu ya baiskeli, hakuna abiria.

"Owor, wewe ndiye redio yetu," Wafula akasema. "Nasikia Madam anakwenda sana kwa kina Ajiambo. Kuna nini kule?"

Wote wakanigeukia. Wanajua sijawahi kuwanyima. Na habari ninayo. Ya kweli, kubwa kuliko zote nilizowahi kubeba.

Nikakohoa. Nikawapa ile ya lori. Safari hii malori yalikuwa mawili.