Papa Matela

Mpendwa papa,

Mjukuu wako Baraka ameacha nepi. Mchana hana shida: anavua kaptula mwenyewe, anakaa kwenye po lake jekundu la kukojolea karibu na mlango, na akimaliza anatuita wote twende kuona, hata mgeni aliyekuja kusalimia tu. Shida ni usiku. Analala kama gunia la mihogo, na asubuhi matela imelowa hadi chini. Na msimu huu wa mvua hapa Nyalukemba, unajua mwenyewe godoro linavyokataa kukauka.

Mwanzoni nilifanya kama kila mtu. Nilimnyima maji baada ya chakula cha jioni, akalala analia kiu, na bado akakojoa. Nikaanza kumbeba usingizini, namkalisha kwenye po, anakojoa macho yamefumba, namrudisha kitandani. Nilijiona hodari kweli. Kumbe kazi yote nilikuwa naifanya mimi, yeye hajui hata kama aliamshwa. Usiku nilipopitiwa na usingizi, tulirudi palepale.

Halafu mama mkwe akapiga simu kutoka Miti kwamba Jumapili ya mwisho wa mwezi anakuja kukaa wiki nzima. Nikamweleza habari za mtoto, mdomo wangu huu. Akasema nisisumbuke, dawa anayo. Kwake mtoto aliyekojoa kitandani anabebeshwa matela kichwani, anazungushwa uani kote, parseli nzima, na watoto wenzake wanamfuata nyuma wakipiga makofi. "Benye nilizaa bote, ni vile balipona," akasema. Mume wangu alikuwa karibu, anasikia. Alitoka nje bila kumaliza chai yake, na yeye ndiye mkubwa wa hao wote.

Nikaogopa, papa. Baraka ni mtoto anayependa kutazamwa akifanya vizuri. Nilimwona akilini mwangu na godoro lile kichwani, miguu yake midogo, na wale wanaomshangilia kwenye po ndio wanaomzomea. Kuna vitu mtoto hasahau hata akizeeka. Nikakutafuta wewe.

Unakumbuka siku zile mama alipokuwa akishuka Kamanyola kununua mchele wa kuuza, tunabaki wawili? Usiku wewe ulikuwa unainama juu yangu na kuniuliza, taratibu, "Mbuzi ya koko iko na rangi gani?" Yule mbuzi wa baba yako kule Miti, aliyekula kofia yako.

"Nyeusi."

"Na kwato?"

"Nyeupe."

Hapo ndipo ulipojua nimeamka kweli. "Basi shika shati," ulisema, nami nashika ncha ya shati lako na kukufuata hadi choo cha nyuma, saruji baridi chini ya miguu. Hukunibeba hata siku moja. Ulisimama umenipa mgongo, unapiga mluzi, ili nijue upo.

Kuna siku ulichoka na kazi ukachelewa kuniamsha. Asubuhi hizo, kabla majirani hawajafungua milango, wewe ndiye uliyetoa matela na kuianika juu ya ukuta. Maman Furaha, jirani yetu, hakuwa mtu wa kupitwa na kitu.

"Papa Nsimire, tena?"

"Nilimwanga chai, maman."

"Kila siku chai?"

"Mikono yangu haiko na akili."

Nami nilikuamini. Nilikuwa nakuonea huruma, hata nikakushauri utumie kikombe kidogo. Ulinishukuru bila kucheka.

Sikuelewa hadi siku ya kilio chako. Maman Furaha alikuwa amekaa kwenye mkeka pembeni yangu, anafuta machozi, mara akatabasamu na kusema, "Papa Matela wetu amekwenda." Nikamuuliza Papa Matela ni nani. Ndipo akanieleza kwamba mtaa mzima ulikuita hivyo. Wanaume walikutania kwenye pombe, wanawake walimhurumia mama kwa kuolewa na mtu mzima anayekojoa kitandani. Nikamuuliza kama ulijua.

"Alijua bien, alijua kabisa. Tulikuwa namuita, naye anaitika."

Niliondoka pale mkekani nikaenda nyuma ya nyumba, karibu na kile choo, nikalia kilio tofauti na kile cha asubuhi. Nilikupenda upya, papa, na hukuwepo wa kuambiwa.

Yote haya nilimsimulia mume wangu usiku ule wa simu. Mimi nikaanza kazi yako, kwa maneno yako yaleyale. Siku za kwanza nilipomuuliza Baraka kuhusu mbuzi, alinijibu kwa kukoroma. Baadaye akaanza kujibu, anashuka kitandani mwenyewe, anashika ncha ya kikwembe nilichojifunga, tunakwenda kwenye po. Siku nyingine tunawahi, siku nyingine hatuwahi.

Jumapili mama mkwe akafika na kuku wake na dawa yake. Usiku huo tulichelewa kulala kwa maongezi, sote tukazama usingizini, na asubuhi matela imelowa. Nilikuwa bado natafuta kitenge cha kuifunika nilipoona mume wangu ameshaitoa nje. Mama yake alikuwa uani anapiga mswaki.

"Ni ya mutoto hiyo?"

"Hapana, maman. Ni miye. Nilimwanga chai."

Alimtazama muda mrefu, mswaki mdomoni, mwanawe mwenye ndevu amekumbatia godoro linalonuka mkojo. Nilisimama mlangoni na kitenge mkononi. "Chai," akasema mwishowe. Akatema, akaweka mswaki chini, akashika upande wa pili wa matela, wakaianika pamoja. Wiki nzima hakutaja dawa tena, na alipoondoka alimwachia Baraka kuku.

Jana usiku umeme ulikuwa umekatika nami nimelala fofofo. Nikahisi mtu ananivuta sikio.

"Mama. Mbuzi iko na rangi gani?"

"Nyeusi, mwanangu."

"Na kwato?"

"Nyeupe."

Akanipapasa macho kuhakikisha nimeamka kweli. Kisha akasema, "Basi shika shati."

Nikashika ncha ya fulana yake, papa, tukaenda gizani hadi kwenye po, yeye mbele. Nikampa mgongo nikajaribu ule mluzi wako. Haukutoka vizuri, nikaurudia.

Pumzika sasa. Leo hakuna chai iliyomwagika.

Binti yako Nsimire,
ambaye siku hizi wanamwita Maman Baraka