Hodi za Uongo kwenye Seva ya Primus

Jumapili, 1 Oktoba 2006

Mektrida, hujambo? Umeamkaje, na mgongo je? Hakuna mwingine atakayesoma humu, kwa hiyo najisalimia mwenyewe. Mgongo upo vilevile. Moyo ndio umechoka.

Jana mashindano yameharibika tena. Kafe ya intaneti ilijaa, vijana wamekaa mpaka kwenye makreti ya soda, wengine wanacheza nasi kutoka Arusha. Ule mchezo wao wa bunduki – mimi siupendi, Bwana anajua – lakini ndio unaotuweka mjini. Wameanza tu, mara kila kioo kimeganda. Seva imeanguka! Kelele, miluzi. Mmoja akadai nimrudishie nauli ya Arusha. Na ni kijana wa hapahapa Moshi!

Primus hakusema neno. Mdogo wangu huyu akinyamaza ndipo naogopa. Goti lilipomharibikia mlimani, akibeba mizigo ya watalii, aligeuka mtu wa pombe ya mbege toka asubuhi. Seva ndiyo iliyomtoa kilabuni. Aliijenga mwenyewe kwa kompyuta za mtumba, akajifunza kwa kuuliza na kukosea. Ikifa, najua njia atakayoshika.

Leo tumeanza Rozari ya mwezi wa kumi. Nia yangu nimeiweka hapo.

Jumatatu, 2 Oktoba

Nimemwomba Primus anieleze kama mtoto wa komunyo ya kwanza. Anasema seva haijavunjika, inazidiwa. Kila mchezaji anayetaka kuingia anabisha hodi, seva inaitikia. Sasa kuna mtu ametegesha kompyuta ibishe hodi maelfu kwa maelfu, na ukifungua hakuna mtu. Seva inahangaika kuitikia hewa. Wenye hodi za kweli wanabaki nje.

“Si uache kuitikia?” nikasema.

“Dada, nitajuaje ipi ya kweli?”

Ameweka sheria: anayebisha kupita kiasi afungiwe. Yule akabadilisha anwani. Primus akahamisha mlango. Yule naye akaupata. Mchana kutwa hivyo, kama kufukuza ngedere kwenye mahindi.

Alipotoka kwenda kula mtori nikainyunyizia seva maji ya baraka kidogo. Akanikuta! “Dada! Adui ameshindwa kuiua, sasa wewe utamsaidia!” Tumecheka wote wawili. Ilikuwa kitambo.

Jumanne, 3 Oktoba

Amekuja Ebenezeri, fundi wa kampuni inayotuuzia intaneti. Kijana mstaarabu, shikamoo zake hazikauki. Kasema mafuriko yale ya hodi yanajaza mnara wao mzima, wateja wengine wanalalamika. Na hayatoki Ulaya – yanatoka humuhumu Moshi, kwa mtu aliye kwenye mnara huohuo, ila anatumia anwani za uongo na wanashindwa kumnasa. Bosi ameamua: yakija tena Jumamosi kwenye mashindano, laini yetu inakatwa. Haitarudishwa.

“Yaani anayepigwa ndiye anayefungwa?” nikamwuliza.

“Mama, mafuriko yanawafuata ninyi. Mkitoka, na yenyewe yanatoka.” Akasema hivyo akitazama viatu vyake.

Bila laini hakuna kafe. Bila kafe – juu ya Primus nimekwisha kusema. Mkono umechoka.

Jumatano, 4 Oktoba

Mgao wa umeme. Leo zamu ya upande wa mtaa wa Soweto, sisi huku Mawenzi tunao. Kule ulipokatika tu, hodi zikakoma. Kimya! Primus akadhani ni ile sheria yake mpya, akapiga mluzi. Jioni umeme wa Soweto ukarudi. Na hodi nazo.

Alhamisi, 5 Oktoba

Zamu yetu. Tumewasha jenereta, moshi umeingia mpaka kwenye nywele. Huku giza, lakini hodi zinamiminika tu. Primus akasimama katikati ya chumba.

“Yuko Soweto,” akasema. “Na hana jenereta.”

Tukatazamana. Anayekaa Soweto, mwenye kompyuta, anayeujua mchezo huu mpaka ndani – Sirili. Mtoto wa baba mdogo! Nimembeba mgongoni mimi huyo.

Nikauliza kisa. Primus akazungukazunguka, mwisho akasema. Mwezi wa nane alimkamata Sirili akidanganya mchezoni kwa programu ya kuwaona wenzake nyuma ya ukuta. Akamfungia nje ya seva. Hapo sina neno. Lakini kabla ya kumfungia akaandika kwenye kioo, wachezaji wote wakisoma: MTOTO WA MWIZI WA KAHAWA.

Yesu na Maria! Baba mdogo alituhumiwa kuiba magunia ya kahawa ya chama cha ushirika. Haikuthibitishwa hata siku moja. Akafa na jina hilo. Na Primus mwenyewe alibeba jeneza!

Sikumgombeza. Nguvu ya kugombeza sina.

Ijumaa, 6 Oktoba

Asubuhi nimepanda nyumbani mlimani. Nikakata jani la isale kwenye mpaka wa kihamba, shamba letu la ukoo, nikalipiga jani fundo kama marehemu mama alivyonionyesha. Ukimpelekea mtu isale kumwomba msamaha, anakosa pa kukukatalia. Hata waliokatana mapanga kwa ajili ya mpaka waliliheshimu. Padre naye haoni dhambi hapo.

Nikampa Primus. Hakuligusa. “Mimi nimwombe yeye? Aliyeiba mchezo ni nani?” Akanionyesha programu aliyotumiwa na rafiki yake wa Nairobi. Kesho Sirili akianza tu, Primus naye anamfurikisha kwa hodi. “Kujikinga kumeshindikana, dada. Sasa ni kupiga.” Nikamwambia kampuni itawakata wote wawili. “Bora tukose wote.”

Basi nikaenda mwenyewe. Sirili ana kibanda pale Soweto, anachoma CD na kutoa fotokopi. Akainuka haraka. “Shikamoo, dada Mektrida.” Kiti akakifuta kwa kiganja. Nilipotaja seva hakukana.

“Wewe unasema hodi,” akasema. “Mimi nilipobisha ya kweli nilijibiwa nini? Mama aliyasikia yale sokoni, dada. Kutoka kwa muuza ndizi.”

Nikatoa jani. Akalitazama sana. Mkono ukaja nusu ya njia, ukasimama.

“Dada, umetumwa?”

Ee Mungu wangu. Ndiyo moja tu ingetosha, mambo yakaisha. Na Rozari iko mfukoni.

“Hapana,” nikasema. “Nimekuja mwenyewe.”

“Basi lirudishe. Wewe hujanitukana.” Akanisindikiza mpaka barabarani, akaniulizia mgongo. Heshima yote. Lakini jani nimerudi nalo.

Jumamosi, 7 Oktoba

Naandika nikiwa kaunta, kwa vipande. Kafe imejaa pomoni. Ebenezeri amepiga simu: yuko ofisini, bosi amesimama nyuma yake. “Mama, ombeni,” akasema kwa sauti ya chini. Mchezo ni saa tisa.

Primus hajala. Ile programu ya Nairobi iko wazi kwenye kioo chake, inangoja kidole. Ya jana nimemwambia yote. Nilikuwa nimeyameza, yakakataa kushuka.

“Alikuuliza kama nimekutuma?”

“Ndiyo.”

“Ukasemaje?”

“Nikasema hapana. Si hukunituma?”

Akalisugua goti. Vijana wanapigana vikumbo kugombea viti, yeye kama hayupo.

“Ungesema ndiyo tu, dada.”

Nikamtazama. Hakugeuka. Sauti ile naijua – ndiyo aliyokuwa nayo utotoni akishavunja chungu cha mama.

“Niseme sasa?”

Akatoa simu yake, akaisukuma juu ya kaunta bila kuniangalia. Simu yake, namba yake. “Andika wewe. Mimi nikiandika nitaharibu.”

Nimeandika ujumbe. Akasoma polepole, midomo inacheza. Nikadhani atafuta. Hakufuta. Akautuma kwa kidole chake mwenyewe.

Hodi zimeanza kupanda kwenye kioo. Huenda ni wachezaji wanaingia. Huenda ni Sirili. Primus anasema mwanzoni zote zinafanana. Mkono wake uko mezani, karibu na kitufe cha ile programu ya Nairobi – haujakigusa. Simu iko kati yetu, kimya. Nami nanakili nilichoandika, kwa sababu mikono inataka kazi:

“Sirili mdogo wangu, hujambo? Mama presha yake inaendeleaje? Mimi ni Mektrida, kwa simu ya Primus. Jana uliniuliza. Leo nimetumwa. Tafadhali tujibu mapema.”