Komisioneri Aliyekula Mabati Yangu

Jumatatu, 6 Oktoba
Nimeswali alfajiri sebuleni kwangu. Kwangu! Bado naona haya kuliandika neno hilo. Halafu nikapanga vyombo: ndoo jikoni, ndoo kitandani upande wa Baba Zaina, sufuria mlangoni. Mvua zimeanza na mabati ya nyumba hii yameoza. Tulijua tangu siku ya kuiona. Baba Zaina anasema tumenunua nyumba na bomba lake ndani. Acha aseme. Kule ufukweni ziwa lilituingia mpaka uani, tukalala na viatu juu ya meza. Hapa Gatete maji yanatoka juu tu. Nina furaha. Mawese yangu yote yameisha sokoni kabla ya adhuhuri.

Alhamisi, 9 Oktoba
Mgeni. Mama Espe, yule mjane aliyetuuzia nyumba. Sikuwahi kumwona. Tulipokuja kuitazama alikuwa ameshahamia kwa binti yake Kigwena, kila kitu, hata pesa, kikapitia kwa Rajabu, komisioneri, dalali wa nyumba. Karatasi alimpelekea kule akatia kidole, sisi tukatia saini huku.

Amesimama mlangoni, mikono kiunoni. "Amahoro, Mama Zaina. Nimeuza nyumba na koo langu bado iko kavu. Ndiyo Uislamu huo?"

Alikuwa anadai agatutu. Kwetu nyumba haijauzwa mpaka mnunuzi alete vinywaji, pande mbili zikae pamoja mbele ya majirani, bei itajwe kwa sauti, watu wanywe. Mimi sikai penye pombe. Rajabu alijua. Aliniambia, mama, usijichafue, nipe pesa ya vinywaji nitafikisha mwenyewe. Nilimwombea dua kwa wema huo! Haikufika hata chupa moja.

Masikio yaliniwaka kwa aibu. Nikampa chai ya maziwa na mandazi. Akatazama juu, akaiona ndoo. "Bado hamujaezeka? Si nilishusha bei mununue mabati?"

Nikamuuliza alishusha mpaka wapi. Akataja. Nikakaa chini. Kati ya bei yake na ile niliyotoa kuna paa zima, mabati na mbao na misumari. Na Rajabu aliniapia kwamba mjane hashuki hata kidogo.

Ijumaa, 10 Oktoba
Nimemwona Rajabu akitoka msikitini, kanzu nyeupe kama kitunguu kilichomenywa. Nimemchukia. Naandika hivyo hivyo, Mungu anaona hata nisipoandika.

Baba Zaina alimfuata. Jibu alilorudi nalo: mkeo aliiona nyumba, akasikia bei, akakubali, nani alimshika mkono? Kazi ya komisioneri ni kuunganisha watu tu. Baba Zaina akamwambia, "Kuunganisha watu, na ni wewe uliyehakikisha hatukutani!" Nimecheka. Kisha nikalia kidogo.

Jumatatu, 13 Oktoba
Nimekwenda komine, ofisi ya serikali ya hapa. Karani wa ardhi alikuwa mpole. Nyumba ni yangu, hilo halina ubishi. Kwa komisioneri naweza kufungua kesi tribunali, mahakamani, ila nianze kwa bashingantahe, wazee wanaoamua kesi za watu wa mlima wetu. Nimewapelekea neno.

Naogopa. Kukubali nilikubali kweli. Sikulazimishwa, wala sikumuuliza jirani yeyote nyumba za huku zinauzwaje. Wazee wakisema mdomo wangu ndio ulionifunga, nitawajibu nini? Mvua imeingia kabatini. Nguo za sikukuu zote nimezianika upya.

Jumamosi, 18 Oktoba
Nimerudi.

Tulikaa kwenye mabenchi uani kwa Mzee Nestori, mkubwa wao. Mama Espe alikuja kutoka Kigwena kwa nauli yake. Rajabu akaimba wimbo wake uleule: aliona, alisikia, alikubali.

Mzee Nestori akaanza na mimi. Kama Mama Espe mwenyewe angeniomba bei ile, ningetoa? Sikutaka kusema uongo. Nikasema ningetoa, maji yalikuwa yanatufukuza. "Basi tungekurudisha nyumbani," akasema. "Bei ya juu peke yake si kosa la mtu." Rajabu akaanza kutabasamu.

Ndipo akamgeukia. Komisyo yako ulichukua kwa nani? Rajabu akasema kwa wote wawili, ndiyo desturi. "Kwa hiyo ulikuwa mtu wake huyu mama. Alipokuuliza kama mjane anashuka, ulimwambia nini? Ungemuomba ziada ya kazi yako mbele yake, akakataa au akakubali, sisi tusingeitwa. Ulificha. Unajua bei na unamuficha aliyekulipa, hiyo unarudisha."

Rajabu akajaribu mlango mwingine: kama kuna ziada, basi ni ya mwenye nyumba. Nikaona anataka kutugombanisha, na kusema kweli niliogopa, maana Mama Espe ana shida zake. Wazee wakamuuliza kama anaidai. Akatikisa kichwa. "Mimi bei yangu nilipata. Ile nilishusha, nilimushushia yeye kwa sababu ya mvua. Mabati iko yake." Sikuweza kumtazama usoni. Tusiofahamiana, dini mbili, na ndiye aliyenifikiria.

Rajabu hana kitu, ameingiza yote kwenye pikipiki. Wameamua alete vifaa vyote vya kuezekea kabla ya mwezi kuisha, la sivyo faili inakwenda tribunali. Na agatutu ifanyike upya, vinywaji juu yake. Murakoze, wazee. Asanteni sana.

Jumatano, 29 Oktoba
Mabati yamefika! Rajabu ameyakopa dukani, nasikia pikipiki iko sokoni, inauzwa. Amepanda juu mwenyewe kumsaidia fundi. Baba Zaina chini, mikono nyuma: "Komisioneri, leo umeunganisha kweli. Unganisha na ile ya pembeni!"

Nimempelekea chai juu ya ngazi. Hasira imepungua. Haijaisha, nisijidanganye.

Jumapili, 2 Novemba
Agatutu. Nimepanga mabenchi mawili: la bia karibu na lango kwa Mama Espe na jamaa zake, la Fanta huku barazani kwetu. Katikati sinia za wali na samaki mukeke wa kukaanga. Hakuna aliyejichafua. Ilikuwa rahisi kiasi hiki tangu mwanzo, na mimi nilitafuta mtu wa kukaa badala yangu!

Mzee Nestori akamtaka Rajabu ataje bei ya nyumba. Akaitaja kama mgonjwa. Mama Espe akapaza sauti kutoka langoni: "Sema kama unavyoita wateja!" Uwanja mzima ukacheka, naye akacheka kwa aibu, akasimama, akaitaja. Bei ya kweli. Majirani wakaisikia, mimi nikaisikia.

Mama Espe kaondoka na chupa ya mawese yangu mapya. Nimemwambia aje akiona mvua, aone mwenyewe.

Jumanne, 4 Novemba
Mvua kubwa tangu mchana. Nimesimama jikoni nikitazama juu, mazoea tu. Hakuna tone. Baba Zaina anakoroma upande wake, mkavu. Ndoo nimeigeuza, nimeikalia nikichambua mchele.

Adhana ya alasiri sikuisikia kwa kelele za mabati. Nimeswali kwa kukisia. Alhamdulillahi.