Baba, Nilikuwa Nasubiri Pointi

Baba yangu,

Shikamoo. Ni mwaka wa tatu tangu tukulaze pale Itigi, na bado siwezi kukuandikia neno lolote kabla ya shikamoo. Barua hii nimeamua isomwe na kila mtu. Huku Unyambwa, Singida, ninakoishi, na huko kwetu, watu wananisifu. Wanasema Salome ndiye mtoto aliyemjali baba yake, akampeleka Dar es Salaam, akamlaza kwenye hoteli ya matajiri. Wanawake wenzangu kanisani wananitolea mfano kwa watoto wao. Wewe na mimi tunajua ilivyokuwa. Sasa nimebaki peke yangu ninayejua, na nimechoka.

Unakumbuka siku niliyokueleza kwanza habari ya pointi? Ulikuwa umekaa nje unapukuchua mahindi, nami nimetoka Singida mjini nikiwa na zile nguo za semina. Mradi wetu wa wakulima wa alizeti ulikuwa na wafadhili, na wafadhili walipenda semina, na semina zote zilikuwa Dar. Hoteli moja kubwa mpya, ya wageni, ilikuwa imejengwa katikati ya mji, maana wakati ule kila kitu kilikuwa kinajengwa upya na kila kitu kilikuwa cha wageni. Mradi ndio uliolipa, lakini kadi ya mgeni wa mara kwa mara iliandikwa jina langu.

"Kila nikilala pale wananiandikia pointi, baba," nilikwambia. "Zikitimia, nalala siku mbili bure. Tena wananipandisha chumba cha juu, kikubwa, na naruhusiwa kuja na mtu."

"Pointi?"

"Ndiyo, baba."

Ulicheka mpaka punje zikamwagika mchangani. "Mimi nimefanya kazi ya pointi miaka ishirini na sita, mama, hawajanipa hata godoro!"

Kwa wanaosoma: baba yangu alikuwa mtu wa reli. Kazi yake stesheni ya Itigi ilikuwa kugeuza njia za reli, ile mitambo wanayoiita pointi, treni ishike njia hii au ipishe kwenye ile. Miaka yote hiyo alizigeuzia njia treni za kwenda Dar, na yeye mwenyewe hakuwahi kufika. Pasi yake ya kusafiri bure alimpa mama aende kwa ndugu zake Tabora, akampa kaka aende shule, akanipa mimi. Halafu siku moja ikaja karatasi kwamba shirika linapunguza watu. Akapunguzwa pamoja na wenzake, na pasi ikaenda na kazi.

Ulipomaliza kucheka uliniuliza, kwa sauti ya mtu anayejifanya hajali, "Hicho chumba cha juu kinatazama wapi?"

Nikakwambia vyumba vya chini, ninavyolala mimi, vinatazama ukuta na jenereta. Vya juu upande wa mbele vinatazama bandarini na stesheni. Niliwahi kuonyeshwa kimoja na Neema, dada wa mapokezi. Nilisimama dirishani nikaziona reli zote zinavyokuja, zinakutana, halafu zinakoma.

"Zinakoma," ulisema. "Yaani unaona pale zinapokoma?"

"Naona kabisa."

"Mimi ningependa kupaona."

Basi. Tangu siku hiyo kila semina niliihesabu kwa ajili yako. Wenzangu ofisini walikuwa wanakimbia semina za mbali, wana watoto. Mimi nilikuwa naomba. Nilikaa kwenye ukumbi wenye baridi nasikiliza mambo ya soko huria na bei ya mbegu, huku akilini nasema, usiku mwingine huo, baba anasogea.

Sasa nifike ninapoogopa kufika.

Uliniambia, baba. Siwezi kusema hukuniambia. Ilikuwa mwanzo wa mvua, nimekuja kukuona, ukamimina chai pembeni ya kikombe. Ukapangusa meza kwa kiganja, ukasema, "Macho yangu siku hizi yana moshi."

"Ni uzee, baba. Nitakuletea miwani."

Nikakuletea miwani ya sokoni, ile ya kujaribu mpaka upate inayokufaa. Uliivaa papo hapo mbele yangu, ukasema dunia imekuwa mpya. Mke wa kaka aliniambia baadaye kwamba uliivaa siku nilizokuwepo mimi tu.

Miezi michache baadaye ulinitumia ujumbe kwa dereva wa lori la mkaa. Daktari wa macho alikuwa anakuja kwa wiki moja katika hospitali ya misheni, watu wanaandikishwa, je, nije nikupeleke? Nilijibu kwa dereva yule yule. Nayakumbuka maneno yangu kama nimeyachonga. "Mwambie baba asihangaike na foleni ya huko. Nitampeleka Dar kwa madaktari wakubwa. Zimebaki semina mbili tu, tutakwenda na kulala hotelini."

Semina mbili tu. Ya kwanza ikaahirishwa. Ya pili wakaihamishia Morogoro, kwenye hosteli ya watawa isiyo na kadi wala pointi, nami nikakasirika siku nzima. Nilikasirikia hosteli, baba. Macho yako hayakunijia akilini hata mara moja. Ilipita kiangazi, zikaja mvua nyingine, ndipo pointi zikatimia. Neema aliponiambia kwenye simu, niliruka pale ofisini kama mtoto.

Unakumbuka safari? Ulikataa basi, ukasema huwezi kwenda mwisho wa reli kwa basi. Ulivaa koti lako la kazi ambalo vifungo vyake bado vilikuwa vinang'aa, na ulibeba galoni ya asali ya watu wa hoteli. "Watu wanatoa chumba bure, halafu tuende mikono mitupu?" Pale stesheni ya Itigi, uliyoikanyaga miaka ishirini na sita, ulikosa ngazi ya behewa. Nikakushika kiwiko, nikasema treni za siku hizi zina ngazi ndefu.

Ndani ulikaa dirishani ukawa unanitajia stesheni kabla treni haijasimama. Manyoni. Saranda. Kintinku. Bahi. Abiria wenzetu wakashangaa. "Huyu mzee ana ramani kichwani!" Ulitabasamu. "Nasikia magurudumu tu." Mimi nilidhani unajisifu. Nilikuona umefurahi, nikaridhika na hilo, sikutazama zaidi.

Hotelini uliweka mkono begani kwangu tangu mlangoni, hukuutoa. Niliona aibu kidogo, halafu nikajionea aibu kwa kuona aibu, nikasema ni marumaru zinakutisha. Neema alitoka nyuma ya meza yake akapiga goti kidogo. "Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hii ni asali ya Itigi. Usiichanganye na sukari."

Aliipokea kwa mikono miwili. Akatupa ufunguo wa ghorofa ya nane, akasema chumba kiko tayari ingawa ni asubuhi, na matunda yapo mezani. Kila kitu nilichokuwa nakipigania kwa miaka miwili alikisema kwa pumzi moja.

Nilifungua mapazia mpaka mwisho. Jua lilijaa chumba kizima. Nikakuvuta mpaka kwenye kioo.

"Haya, baba. Pale. Ndipo zinapokoma."

Ulisimama wima, mikono nyuma, kama ulivyokuwa unasimama treni ikipita. Mimi machozi yalinilenga, machozi ya kujipongeza, naomba unisamehe. Halafu ukasema, "Mabehewa ni mengi leo."

Nikatazama. Reli zilikuwa tupu, baba. Hapakuwa na behewa hata moja. Mtu mmoja alikuwa anavuka na baiskeli mkononi, basi.

Nikakutazama usoni. Macho yako yalikuwa wazi kabisa, mazuri, yameelekea juani, na hayakufumba. Jua lilikuwa kali, mimi sikuweza kulitazama.

Hapo nilijua. Ningeweza kusema, "Baba, huoni." Badala yake nikasema, "Ni mengi kweli. Mengine ni ya mafuta. Lile la mwisho ni jekundu." Nikaanza kukueleza kila kitu, ghala lenye bati jipya, mnara wa taa, yule mtu na baiskeli yake, nawe unaitikia, "Naona, naona." Tulisimama pale tukidanganyana mpaka miguu yangu ikachoka.

Kesho yake daktari, dada mdogo kuliko mimi, alikumulika kwa muda mrefu, akapima, akarudia. Halafu akazungumza nami, kama wafanyavyo, ingawa wewe ulikuwa umekaa hapo hapo.

"Ni presha ya macho. La kulia limekwisha. La kushoto linaona mwanga tu."

"Tufanye nini, daktari? Upasuaji? Miwani?"

"Nitampa matone asiumwe. Kilichopotea hakirudi."

Nikauliza swali ambalo sikupaswa kuuliza mbele yako. "Tungekuja lini?"

"Hata mwaka mmoja nyuma. Hata hospitali za kwenu huko, akiwepo daktari wa macho, wangeweza kuuzuia ugonjwa usiendelee."

Ndipo wewe ukasema, kwa ile sauti yako ya kazini, "Daktari, usimlaumu mtoto. Mimi ndiye niliyekuwa nabisha kuja. Alinibembeleza sana."

Daktari akanitazama kwa huruma. Kwa huruma, baba! Nikaikubali.

Tulikuwa na usiku mmoja umebaki wa bure. Nilitaka tuondoke, ukakataa. "Umeutafuta kwa jasho, tuumalize." Asubuhi nilikukatia papai, ukawa unalitafuta kwa uma kwenye sahani pana nyeupe, na mhudumu akaja kutuuliza kama tunafurahia ukaaji wetu. Ulimjibu wewe. Ulisema hujawahi kulala pazuri hivyo.

Itigi wazee wenzako walikungoja kwenye benchi la stesheni. Uliwasimulia yote niliyokueleza pale dirishani, behewa jekundu, bati jipya, mtu na baiskeli, na ukaongeza ya kwako. Mzee Iddi, mwenzako wa kazi tangu ujana, akanigeukia. "Ni kweli, binti? Kayaona yote hayo?"

Ulinigeuzia uso ukisubiri nijibu.

"Kayaona, mzee wangu."

Uliishi miaka minne gizani. Ulijifunza ua kwa hatua, ukajifunza kupukuchua bila kumwaga. Hukunilaumu hata kwa mzaha. Nilikuwa nakuja kila mwezi na matone, na vyakula laini, na redio, na kila nilichokuja nacho kilikuwa kidogo. Mara moja nilijaribu. Nilikaa chini karibu na miguu yako nikasema, "Baba, yule dereva wa lori, ule ujumbe niliokutumia..." Ukaniwahi. "Yule dereva alihamia Tabora," ukasema, ukaniuliza bei ya alizeti. Hukutaka niseme, na mimi nikaona nafuu, na ile nafuu ndiyo inayonitesa sasa kuliko jambo lenyewe. Ilikuja homa ya wiki moja, ukaondoka, na neno langu likabaki mdomoni.

Semina hazijaisha, baba. Hoteli ile wananipandisha chumba kila nikifika, siombi tena, kadi yangu imebadilika rangi. Mara ya kwanza baada ya kukuzika niliomba chumba cha nyuma, cha kutazama jenereta. Kijana aliyekuwepo akabonyeza kompyuta yake, akaniambia kwa adabu haiwezekani, imeshanipanga juu. Nikamwambia sitaki. Akasema, "Lakini ni bure, mama." Nilichukua ufunguo. Huwa nafunga mapazia yote kabla sijavua viatu.

Wiki iliyopita alikuwepo Neema. Amekuwa mkubwa wa mapokezi siku hizi, lakini alitoka nyuma ya meza kama siku ile akanishika mikono.

"Da Salome! Mzee hajambo?"

Wageni walikuwa wamesimama nyuma yangu na mizigo yao. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia mtu mmoja duniani jambo moja la kweli.

"Hajambo," nilisema. "Anakusalimu sana."

Akafurahi. Akaniambia nikirudi nikufikishie salamu zake, na kwamba chumba chako kipo, siku yoyote utakayotaka kuja.

Salamu zake ndizo hizi, baba. Nimekufikishia. Lala pema.

Ni mimi binti yako uliyekuwa ukiniita mama,

Salome