Kovu la Moyo

Mpendae, 1970

Kwako Wanu, mjukuu wangu uliyeko Mombasa,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Kuku wako kaliwa na ngawa, usinililie.

Daktari kanieleza moyo. Nyama yake ni vichembe vilivyoshikana. Kimoja kikishtuka kwa umeme hukishtua cha jirani, na umeme ukapita hivyo mpaka moyo mzima uminye damu. Nikamwambia, "Ni kama msaragambo wa kujenga skuli, tulivyopeana mawe mkono kwa mkono."

"Naam, Bibi. Ila moyo wako una kovu. Jiwe likifika hapo halina wa kulipokea."

Ndiyo maana nazimia. Wa kunitibu wako ng'ambo, nami ruhusa ya kusafiri nimenyimwa. Mwenyekiti wa tawi la chama kaniuliza, "Bibi, unakimbia nini?" Nikamjibu, "Mtu anazimia akenda chooni, akimbilie wapi?"

Sasa waandika unakuja kuniuguza. Nani kakuita? Ukiingia hapa kisiwani hutoki, na aliyefungiwa mmoja atosha. Anayeifungua barua hii kabla yako naye asome vizuri. Ukija, mlango sikufungulii, hata ukilia barazani.

Ni mimi bibi yako, ninayekutaka huko huko uliko,
Mwanapili binti Nahodha