Jina Chini ya Primula

Bruxelles, tarehe 9 novembre

Maman mupenzi,

Namushukuru Mungu umepona malaria. Huku mvua haiachi, na majani ya sombe tunayonunua Matonge, kwa maduka ya Wakongomani, inatoka kwa frigo, lakini tunakula.

Bon, ile habari dada Mignonne alikuambia ni ya kweli. Kule Népal chef wangu wa kazi alibaki ndani ya hema, ugonjwa wa milima umemushika. Mimi, mutoto wa kwetu Walungu, nilipanda mpaka kwenye theluji, nikachuma ua la primula. Kwa kazi yetu ya kukusanya mimea, ua linakaushwa, linabandikwa kwa karatasi, na chini wanaandika jina la muntu aliyelichuma. Chef aliandika lake. Nikalipiga mustari kwa kalamu yangu mbele yake, nikaandika langu.

Siku ya lundi wakubwa wa kazi wananiita bureau, na kazi inaweza kuisha. Unasema nipige magoti, niombe pardon. Maman, baba wadogo walipokuja kuchukua shamba la marehemu papa, wewe uliwapigia magoti? Ulikaa mulangoni na jembe mpaka wakarudi kwao. Mimi sina jembe. Lundi nitavaa kitenge yako ya sikukuu ya Pâques, na nitaenda na kalamu ile ile.

Ukijibu, andika jina langu lote kwa enveloppe.

Mutoto wako,
Émérance Cibalonza