Uzi wa Tatu

Kaka yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kikohozi cha vumbi la machimboni kimekuachia. Mimi na shemeji yako tu wazima wa mwili. Mengine vumilia, nitayafikia.

Utacheka ukisikia kwamba nimejifunza gitaa. Ndiyo, mimi fundi bomba, mwenye vidole ulivyokuwa ukisema vimeumbiwa spana. Ni lile gitaa kavu uliloliacha nyuma ya kabati, pamoja na kitabu chako cha nyimbo za Renesansi, zile za Ulaya ya karne nyingi zilizopita. Mama aliziita nyimbo za watu wasio na kazi, na ndizo alizokufukuzia.

Nilianza baada ya yeye kupata kiharusi. Macho yalizimika, akawa anashinda kitandani akiuliza mbona halisikii gitaa. Basi kila jioni nikitoka kazini nilipiga. Ncha za vidole zilichubuka hadi spana ikanishinda. Nilifuata kitabu bila kuruka alama hata moja, lakini kila wimbo ulitoka na kasoro nisiyoielewa, na mama aligeukia ukutani. Miezi miwili ikapita hivyo. Kisha nikauona mwandiko wako wa penseli pembeni mwa ukurasa, kwamba nyimbo hizi zilitungiwa ala nyingine ya kale, na kwenye gitaa lazima uzi wa tatu ulegezwe nusu sauti.

Nikaulegeza. Wimbo wa kwanza haukufika katikati, mama akajiinua kwa kiwiko akaita jina lako. Unajua sauti zetu zinavyofanana. Nikaitika.

Tangu siku hiyo nilikuwa wewe. Alikula vizuri, akanipapasa uso, akanishtakia mdogo wako kwamba humwogesha harakaharaka kama anayesugua sufuria. Nilimwambia nitamkanya.

Barua yako ya mwisho ilinifikia wakati huohuo. Uliniuliza kama mama bado ana hasira, kama unaweza kuja. Nikakujibu hataki hata kusikia jina lako, usije. Nilikudanganya, kaka. Nilikuonea wivu. Miaka tisa tangu uondoke nimemlea peke yangu, na hakuwahi kunishika uso mpaka nilipokuwa wewe. Ungekuja, ningerudi kuwa mimi.

Jumanne ya wiki iliyopita, asubuhi, nikimpigia kabla ya kwenda kazini, aliniambia niweke gitaa chini. Akasema, "Mwanangu, nilikosea kukufukuza. Nisamehe."

Nikamwambia, "Nimekusamehe, mama."

Kufika adhuhuri alikuwa ameshakata roho. Tulimzika siku iliyofuata.

Sijui nikuombeje radhi. Msamaha ule ulikuwa wako, kuutoa au kuuzuia, nami niliutoa bila kukuuliza.

Shemeji yako anakusalimu sana. Hajui ninayokuandikia. Ukija, mlango uko wazi, na ukitaka kunipiga sitainua mkono.

Ni mimi,
mdogo wako wa tumbo moja.